Uzi wa Moshi

Gari la waya halina injini ila lina sauti. Mtoto wa Baraka, mji wa eneo la Fizi kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, hulisokota kwa nyaya za kuokota, akalivisha magurudumu ya kandambili iliyokatika, akalifunga kwenye ufito mrefu wenye usukani juu, kisha akalikimbiza kwenye mchanga wa ufukweni huku midomo yake ikitetema. Injini ni yeye mwenyewe. Na injini ya mdomoni, ukiitegea sikio, haijui kwenda pole: hupanda, ikapanda tena, ikafika kileleni na kukaa huko, nyembamba na kali kama mluzi, mpaka pumzi iishe. Hatua chache kutoka hapo, kando ya mbavu za boti inayojengwa, fundi ameinamia msumeno wa moteri wa wapasua mbao, ule wa mnyororo, na kazi yake yote asubuhi hiyo ni kuushusha kutoka kwenye sauti ileile anayoitafuta mtoto. Anairudisha nyuma skrubu ya kabureta kwa nusu ya robo ya mzunguko, si zaidi. Sauti inanenepa, inapata koo. Kwenye tundu la ekzosi unachomoza uzi wa moshi wa buluu. Fundi anautazama unavyopinda na upepo wa ziwa, anaweka bisibisi chini, anafuta mikono.

Ule uzi wa moshi unastahili kufikiriwa. Hoja yangu ni kwamba injini iliyorekebishwa vizuri haikai kwenye kilele chake. Hukaa hatua moja chini ya kilele, na kuijua hatua hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ufundi. Wengi wetu tunasikia kwa sikio la mtoto. Tunadhani injini inayolia kwa ukali ndiyo nzima, na inayotoa moshi kidogo ni mbovu au ya fundi mzembe. Kwa injini hizi ndogo zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, mambo ni kinyume, na kinyume chake kinaweza kuelezwa kwa sababu za wazi, bila kumfanya fundi awe mganga.

Wapo watu duniani wanaokesha na ule uzi kwa ajili ya mchezo tu. Ni wapenzi wa magari madogo yanayoongozwa kwa redio na kuunguza nitro: gari la nusu mita, injini ya ukubwa wa limau kubwa, silinda ya sentimita za ujazo 3.5, tangi la mililita 125, na mizunguko inayopita 30,000 kwa dakika, wakati msumeno wa fundi wetu huridhika na 12,000 au 13,000. Injini hiyo haina cheche. Ina plagi yenye kiwaya cha platini kilichojikunja mfano wa springi. Betri hukipasha kikawa chekundu wakati wa kuwasha tu, kisha betri huondolewa, na kiwaya huendelea kuwaka kwa joto la mwako wenyewe na kwa sababu methanoli ikikutana na platini hutoa joto. Pamoja na methanoli na oili kuna nitromethani, kioevu cha ajabu, kwani kila molekuli yake imebeba atomu mbili za oksijeni. Ni mafuta yanayosafiri na pumzi yake mfukoni. Petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili kilo moja iungue yote. Nitromethani hutosheka na chini ya kilo 2. Hivyo injini ndogo humeza mafuta mengi kwa pumzi moja, na kosa dogo la kipimo huwa kubwa. Wachezaji hao huzungusha sindano ya kabureta kwa kadiri ya mkono wa saa unavyotoka saa sita kwenda saa saba, wakasimama, wakatazama moshi, wakasubiri. Ni mchezo wa wenye nacho, mtu anaweza kusema, na gari la waya la Baraka halina haja nao. Kweli. Lakini mchezo una faida moja: unaonyesha bila pazia kile ambacho kwenye kazi hufichwa na kelele za kazi.

Sababu iko kwenye oili. Injini ya gari kubwa ina bwawa lake la oili chini, na petroli ina njia yake. Ukipunguza petroli, oili haijui. Injini ya mipigo miwili haina bwawa. Msumeno, moteri nyingi za boti za zamani na kigari cha nitro hulainishwa na oili iliyo ndani ya mafuta yenyewe. Kwa hiyo anayebana skrubu ili mafuta yapungue amefanya mambo mawili kwa mkono mmoja: ameongeza joto la mwako, na amepunguza oili inayofika kwenye pistoni wakati inapoihitaji kuliko wakati wowote. Na hapo ndipo ulipo mtego, kwa sababu injini inayonyimwa hailalamiki kwanza. Hufurahi. Mizunguko hupanda, sauti hujikata vizuri, moshi hutoweka, nguvu huongezeka kwa dakika kadhaa. Pistoni ya aluminiamu inatanuka kuliko silinda inayoizunguka, nafasi iliyokuwa baina yao inaisha, na chuma kinashika chuma. Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Walikuwa wakisema juu ya ngozi na moto wa kuipasha, maana ngozi nayo hutoa mlio wake mtamu kabisa pale inapokaribia kuchanika. Aliyekaa karibu na ngoma hashangai kuisikia methali hiyo ndani ya silinda.

Kuna kichekesho kimoja hapa kinachowapata wenye nia njema. Mtu akiambiwa oili huokoa injini, huongeza oili. Kipimo cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 kwenye bidoni ya litri 20. Yeye, kwa hofu, anamimina mara mbili. Kinachopita kwenye kitundu cha kabureta sasa kina petroli pungufu kwa kila tone, kwa sababu sehemu ya nafasi yake imechukuliwa na oili, nayo oili ni nzito na hupita kwa kujivuta. Hewa haikupungua. Matokeo ni kwamba mwenye woga ameikausha injini akidhani anainenepesha. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba hatua moja chini ya kilele haipatikani kwa woga. Woga hauna kipimo, na kipimo ndicho kinachotafutwa.

Fundi anakipataje? Njia moja inastahili kutazamwa kwa karibu. Msumeno uliorekebishwa sawasawa, ukiufungulia moto wote ukiwa mtupu, hauimbi. Hukohoa, hubabaika, kama mtu anayesoma barua kwa macho mabovu. Mafundi wa upande wa Tanzania wangesema unamisi. Mteja akisikia hivyo hukunja uso. Kisha fundi anaulaza mnyororo juu ya gogo, meno yanauma, mzigo unaingia, na kikohozi kinaondoka chote. Sauti inanyooka, inakuwa moja. Yale mafuta ya ziada yaliyokuwa yakiuvuruga mwako wakati wa bure yamepata kazi. Sasa chukua msumeno wa pili, uliobanwa hadi ukaimba vizuri ukiwa mtupu: ukiulaza kwenye gogo hauna akiba ya kutoa, unapanda joto, na mpasua mbao aliye porini, saa nyingi kutoka Fizi mjini, atabaki na chuma kizito cha kubeba begani. Injini haihukumiwi ikiwa haina mzigo. Ajabu ni kwamba tunanunua, tunasifu na kukopesha fedha kwa sauti iliyosikika ikiwa tupu.

Fizi ina sababu zake za kuifanya hatua ile iwe kubwa kuliko mahali pengine. Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 773 hivi juu ya bahari, na hewa ya Baraka imeshapungua kwa karibu sehemu moja kwa kumi ukilinganisha na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Panda milima kuelekea Itombwe na Minembwe, upite mita 2,000, na hewa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kabureta haina macho. Hupima mafuta kwa mvuto wa upepo unaopita kooni mwake, na upepo ukiwa mwepesi hutoa mafuta mengi kuliko hewa inavyoweza kuyaunguza. Pikipiki iliyozoea ziwa, ikifika juu, huwa nzito, hutoa moshi mweusi, hukataa mlima. Dereva wake husimama kwa fundi wa juu, fundi hupunguza mafuta, au hubadilisha jikleri, kile kitundu cha shaba kinachopimia mafuta, akaweka chembamba zaidi. Pikipiki inachangamka. Kila mtu ameridhika. Kisha inageuka kurudi Baraka, na hakuna anayemwambia kwamba sasa kila mita anayoshuka inaongeza hewa huku mafuta yakibaki ya mlimani.

Hili nalitilia uzito kwa sababu linavunja fikra ya kawaida kwamba hatari iko kwenye kupanda. Anayepanda bila kurekebisha huaibika tu: anasukuma, anatoa jasho, moshi unamchafua. Anayeshuka bila kurekebisha hasikii chochote kibaya. Kadiri ziwa linavyokaribia ndivyo injini inavyozidi kuwa nyepesi na tamu, mpaka imekauka. Marubani wa ndege ndogo za pistoni hulijua jambo hili kwa sheria: wana kitasa chekundu cha mchanganyiko, wakipanda hupunguza mafuta, na kabla ya kutua huyarudisha. Kwenye barabara inayoteremka kutoka nyanda za juu hakuna kitasa chekundu wala orodha ya kusoma kabla ya kutua. Kuna fundi wa juu ambaye, akiwa mwema, hatapunguza mafuta mpaka mwisho. Ataacha uzi mwembamba wa moshi kwa ajili ya hewa ya ziwa ambayo mteja wake hajaifikia bado.

Hewa hubadilika hata kwa asiyesafiri. Alfajiri ni nzito kwa ubaridi, alasiri imetanuka kwa jua. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, hutoka jioni na taa zao, isipokuwa siku za mwezi mpevu ambapo taa hazina kazi, na hurudi asubuhi. Moteri iliyorekebishwa saa nane mchana, chuma kikiwa cha moto, itaombwa nguvu zake zote saa kumi alfajiri, kwenye hewa nyingine. Ongeza na esansi, yaani petroli. Hii huuzwa na akina Kadafi, kama wanavyoitwa Kongo nzima vijana wa chupa na mirija kando ya barabara, na chupa haina cheti. Mafuta ya taa yakiingia ndani yake, petroli hupoteza uvumilivu wake na kuanza kulipuka kabla ya wakati kichwani mwa silinda. Maji yakiingia, injini hukatika. Fundi hakuiona chupa ya kesho. Hakuiona hewa ya kesho, wala mzigo wa kesho, idadi ya magunia na abiria. Anachoweza ni kuacha nafasi kwa ajili ya vyote hivyo, na nafasi hiyo, ikitoka kwenye ekzosi, ina rangi ya buluu.

Katikati ya ziwa hakuna gereji. Sentensi hii fupi ina historia ndefu kwenye pwani hii. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, kila moja na injini mbili za nguvu-farasi 100, kwa reli kutoka Cape Town, zikavushwa Milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, mpaka Lukuga, kusini mwa Fizi. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na Februari 1916 Mimi ikasaidia kuizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Injini zilizoundwa kwa hewa ya usawa wa bahari ziliamua nani atawale maji yaliyo juu ya bahari kwa mita 773. Nusu karne baadaye, Aprili 1965, Che Guevara na Wakuba wa kwanza walivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba kwenye pwani ya Fizi, na Novemba mwaka huohuo wakaondoka kwa njia ileile ya maji. Baina ya safari hizo mbili, silaha, dawa na barua zilisubiri boti. Tena 1996, vita vilipofika, maelfu ya watu wa Fizi walilivuka ziwa kwenda mkoa wa Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na kuanzia 2005 wengi walirudishwa kwa meli, wakashukia Baraka. Upana wa ziwa ni kilomita 50 hivi kwa wastani. Kwenye boti iliyojaa kina mama, magodoro na mbuzi, hakuna anayehitaji kilomita mbili zaidi kwa saa. Wote wanahitaji kwamba sauti ile nzito isibadilike.

Atatokea mtu makini akaniuliza: hii yote si njia nzuri ya kusifu kubahatisha? Sikio la fundi ni nini mbele ya kipimajoto? Swali ni la haki, na jibu lake si kwamba sikio haliwezi kukosea. Hukosea sana, hasa sikio lililochoshwa na kelele za miaka. Ndiyo maana fundi mzuri halitegemei peke yake. Baada ya kuipa injini mzigo huizima ghafla, akafungua buji, yaani plagi ya cheche, akaisogeza kwenye mwanga. Kaure yake ikiwa nyeupe kama jivu, injini ni kavu na inaungua. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, inazama kwenye mafuta. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, ameridhika. Huo ni ushahidi ulioandikwa na mwako wenyewe, na mtu mwingine anaweza kuusoma na kubishana naye. Kuna pia tone la maji. Wachezaji wa nitro wa zamani walidondosha tone juu ya kichwa cha silinda, sawa na mpika chapati anavyojaribu chuma chake: likiruka na kutoweka papo hapo, joto limezidi, likikaa limetulia, injini bado baridi na nzito, likichemka na kuisha taratibu kwa sekunde chache, ni pazuri. Leo wana vipimajoto vya miale vinavyosoma joto kwa mbali, na hufanya kazi kwenye nyuzi 100 hadi 130 hivi za Selsiasi. Jambo la kuzingatia ni kwamba, pamoja na vipimo hivyo, bado hutazama moshi. Joto la kichwa cha silinda hubadilika kwa upepo, kwa joto la siku, kwa umbo la bodi iliyofunika injini. Namba ileile yaweza kuwa ya injini iliyoshiba siku ya jua na ya injini iliyokauka siku ya baridi. Wenye fedha na vyombo wamerudi palepale alipo fundi wa Baraka, kwa hiyo palepale si umaskini.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: kwamba wakati umepita. Injini mpya zina kompyuta, zina kihisio cha oksijeni kwenye bomba la moshi na kingine cha mgandamizo wa hewa, zinajirekebisha zenyewe kutoka Baraka hadi Minembwe na kurudi bila mtu kushika bisibisi. Ni kweli, na sioni sababu ya kuuhuzunikia ujio wake. Ila tazama kile wahandisi walichokiandika ndani ya kompyuta hizo. Gari likitembea pole, hushika uwiano wa 14.7 kwa moja, ambao hauachi mafuta wala hewa. Dereva akikanyaga mpaka mwisho, mlima na mzigo, kompyuta huuacha uwiano huo kwa makusudi na kwenda kwenye 12 au 13 kwa moja. Inamwaga mafuta ambayo mengine hayataungua, ili yapooze chuma. Watu wenye maabara, wenye uwezo wa kupima kila kitu, walipofika kwenye swali la nini cha kufanya mzigo ukizidi, waliandika kwa namba ile nusu ya robo ya mzunguko. Tofauti ni kwamba ya kwao haionekani, na isiyoonekana haikaripiwi na mteja.

Maana mteja hukaripia. Mwenye boti halipwi kwa uimara wa pistoni. Analipwa kwa samaki na abiria, na akiuona moshi anauona kama noti zinazoungua. Anasema moteri inakula. Anamtaka fundi abane, na fundi wa jirani, kijana mwenye njaa ya wateja, atabana. Injini itaondoka ikiimba, mwenye boti atasifu, na kwa majuma kadhaa kila bidoni itaonekana ndefu. Hapa hoja yangu inapungukiwa, nami nakiri, kwa kuwa faida ya kubana huonekana kila jioni na faida ya kuacha haionekani kamwe. Pistoni ambayo haikushika haina siku yake ya kusherehekewa. Yaliyookolewa na fundi wa kwanza hayawezi kuhesabiwa, kwani hayakutokea. Hasara ya petroli yake inahesabika hadi kijiko. Ukitaka kujua kwa nini mafundi waangalifu hawatajiriki haraka, usitafute mbali.

Uchaguzi huohuo uko kwenye oili yenyewe. Kuna mmea unaoota wenyewe kando ya njia, mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, na mafuta yake ya nyonyo yanajulikana zaidi kwa watoto waliotiwa mdomoni kwa nguvu tumbo likiwa limefunga. Injini za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zilizozunguka pamoja na silinda zake zililainishwa kwa mafuta hayo, na marubani wakayavuta puani safari nzima. Mafuta ya nitro hadi leo mara nyingi hutiwa nyonyo, ingawa oili za viwandani ni safi zaidi. Sababu yake inafundisha: oili nyingine zikizidiwa na joto huungua na kuondoka, nyonyo ikizidiwa huganda na kuwa utando mgumu juu ya chuma, ukakikinga kwa muda. Utando huo huchafua injini, na wenye kupenda usafi hulalamika juu ya kuukwangua. Ni gharama ya kusamehewa kosa. Kati ya oili inayokuacha safi siku zote mpaka siku moja, na ile inayokuchafua kidogo kila siku, mchezaji mzoefu huchanganya zote mbili.

Nimebakiza pingamizi ambalo siwezi kuliondoa. Ule moshi haupotei. Injini ya kabureta ya mipigo miwili hupitisha sehemu kubwa ya mafuta yake bila kuungua, robo yake au zaidi katika nyingine, na moteri ya boti huyatema moja kwa moja majini. Ghuba ya Burton, inayokumbatiwa na rasi ya Ubwari, ina maji yaliyotulia, na Baraka iko kando yake. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na tone linaloingia leo hukaa humo kwa karne kadhaa. Moteri za mipigo minne zingepunguza uchafu huo sana. Ni ghali, ni nzito kuinua kutoka botini kila jioni kuziepusha na wezi, na vipuri vyake ni vingi. Fundi anayeacha uzi wa moshi ili abiria wavuke salama amechagua kati ya watu walio ndani ya boti na maji yaliyo chini yake, na amechagua watu. Ningechagua vilevile. Lakini asubuhi, boti za ndagala zikishafungwa, pale moteri zilipopoea maji huwa na ngozi nyembamba yenye rangi zote za upinde wa mvua, ikinyooka na kukunjika na kila wimbi dogo, na kina mama wanaofika na bidoni zao hutia mkono kwanza, wakaisukuma kando, kisha wakachota.